Zamu ya Buffalo

Mama yetu alikuwa na watoto watatu Marekani, kwa hiyo alikuwa na nyumba tatu. Mimi nilikuwa Louisville, jimbo la Kentucky, kaka yangu Columbus, Ohio, na mdogo wetu wa kike Buffalo, New York. Tulikuwa wakimbizi; majina yetu yalitoka kambini Kigoma kwa nyakati tofauti, na kila jina lilipelekwa mji uliokuwa na nafasi. Sisi ni Warundi, na katika familia yetu mama mzee hakai kwa mtoto mmoja mpaka wengine waanze kununa. Anazunguka. Anakaa kwa mkubwa, anaitwa na wa pili, anakwenda kumtunza wa tatu aliyejifungua, kisha anarudi alikoanzia. Tuliita zamu. "Sasa zamu yangu," kaka alikuwa akisema kwenye simu, "ninyi wa Louisville mmemkalia mama kama kiti."

Nitaeleza polepole jinsi zamu hizo zilivyotuponza. Najua zipo familia nyingi zinazofanya hivyo hadi leo, na wala sizilaumu. Mtu mmoja akisoma haya akasimama kidogo kabla ya kumpandisha mama yake basi, itatosha.

Mama alikuwa na kisukari cha kudunga insulini kila siku. Dawa hiyo aliipata kwa kadi ya matibabu ambayo jimbo huwapa watu wasio na kipato. Nasema jimbo, si nchi, na hapo ndipo wengi wetu tulipokosea. Ndugu waliobaki nyumbani huniuliza, je, Marekani si nchi moja? Ni moja, lakini ni kama nyumba yenye vyumba hamsini, kila chumba na ufunguo wake. Ukiwa na kadi ya Kentucky, duka la dawa la Ohio halikupi insulini yako ya kila siku. Ukiwa na ya Ohio, New York watakurudisha. Ukihama unaanza upya: fomu, kitambulisho, karatasi ya kuonyesha unakoishi, halafu unasubiri barua.

Ajabu ni kwamba tulikuwa tumeishi hivyo kambini. Kadi ya mgawo iliandikwa kambi yako na mtaa wako. Ukienda kumsalimia shangazi kambi nyingine, siku ya mgawo ikukute huko, hukupewa hata kikombe cha mahindi. Lakini tulipopanda ndege tulidhani tunakwenda mahali ambapo kadi humfuata mtu.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanamke mmoja, mbunge wa jimbo. Nilimwita Mheshimiwa, na kila nilipomwita hivyo aligeuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine ameingia. Usifikirie mbunge mwenye gari la bendera. Wabunge wa majimbo hukutana miezi michache mwanzoni mwa mwaka katika mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa moja kutoka Louisville, kisha wanarudi makwao. Huyu alikuwa amefanya kazi ya uuguzi wodini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kugombea. Aliniambia aligombea kwa hasira. Kulikuwa na mzee mmoja aliyerudi wodini kila baada ya wiki chache na mguu uleule, kwa sababu akitoka hospitali hakuweza kupata dawa. "Nilichoka kumfunga bandeji ileile," alisema. "Nikataka kujua nani anaamua."

Kila Jumamosi asubuhi alikaa katika ukumbi wa kanisa letu mtaa wa Highview, nyuma ya meza ya plastiki, na chupa ya kahawa na sanduku la bati lenye kadi nyeupe. Kila mtu aliyekuja na shida alipata kadi yake. Mimi nilifanya kazi ghala moja la Okolona, kufunga mizigo, na Jumamosi ya kwanza nilikwenda na barua yangu mwenyewe. Mbele yangu alikuwa mzee Mkongomani wa kanisani kwetu, amesimama na bahasha, na hapakuwa na wa kumsaidia lugha.

"Donc, mama," mzee alisema, "hii barua banaitumaka kila mwezi, na mi sijue inasema nini."

Nikatafsiri. Ilikuwa barua ya dawa zake za presha. Mheshimiwa akamweleza, nami nikaeleza, na mzee akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Mwisho Mheshimiwa akaweka kalamu chini, akasema, "Sasa nieleze wewe. Fanya mimi ni jirani yako, nimekuja nyumbani nakuuliza umeambiwa nini."

Mzee akacheka. "Jirani yangu hajue kunyamaza hivi, mama. Angeshanikata maneno mara tatu."

"Basi nitakukata," alisema Mheshimiwa. "Endelea."

Mzee akaanza kueleza, na ikaonekana kwamba katika mambo manne aliyoambiwa alikuwa ameshika mawili, na moja kati ya hayo alilishika kichwa chini miguu juu. Hakuwa mjinga. Mzee huyo alikuwa fundi wa redio Uvira, anajua waya kuliko mimi ninavyojua vidole vyangu. Mheshimiwa hakumcheka. Alirudia yale mawili, akamwomba aeleze tena, na mara ya tatu ikakaa sawa.

Baadaye nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. "Wagonjwa wote huitikia kwa kichwa," aliniambia. "Mimi mwenyewe kwa daktari naitikia kwa kichwa. Nikifika kwenye gari sikumbuki kitu. Usimuulize mtu kama ameelewa. Mwambie akueleze." Halafu akaniuliza kama nina kazi siku za Jumamosi.

Sikuwa nayo. Nikaanza kukaa pale upande wake wa kushoto, na nikakaa miaka minne. Watu wetu walikuja kutoka Okolona na Highview na mbali zaidi, Warundi na Wakongomani, wengine na watoto wao ambao walijibu kila swali kwa Kiingereza huku wakitazama simu. Nilimwona akishughulikia sheria ndogo ndogo ambazo hakuna gazeti lililoziandika. Moja ilimruhusu muuza dawa kumpa mgonjwa dozi ya siku chache kama daktari hapatikani. Nyingine ilihusu maandishi ya chupa za dawa yawe makubwa. Alikuwa akisema kazi ya bunge ni kama kutandika kitanda chenye mgonjwa juu yake, unavuta shuka kidogo kidogo.

Zamu ya Columbus ilikuwa ya kwanza kutuumiza. Mama alikwenda kwa kaka majira ya joto, na kaka, kwa nia njema, akamwandikisha kupata kadi ya Ohio. Kadi ilipotoka Ohio, ya Kentucky ikafungwa. Miezi michache baadaye mama akarudi kwangu, ya Ohio nayo haikuwa na maana tena, na ile ya zamani haikufunguka. Nilikwenda duka la dawa nikarudi mikono mitupu. Jumatatu iliyofuata Mheshimiwa alipiga simu tangu asubuhi mpaka saa ya chakula, na mama akapewa insulini ya siku chache kwa ile sheria ya muuza dawa, mpaka kadi ikarudi.

"Mama yako alihama lini?" aliniuliza, kalamu mkononi.

"Hakuhama, Mheshimiwa. Alikwenda zamu."

"Zamu ni nini?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza, akaandika neno hilo kwenye kadi nyeupe, herufi kwa herufi. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alipeleka muswada wa ukurasa mmoja: kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kudumu akihamia jimbo jingine, Kentucky isimfungie kadi mpaka kadi ya kule iwe mkononi mwake. Akaniomba nimlete mama mbele ya kamati.

Mama alivaa kitenge chake cha kijani na kilemba chake kirefu kuliko vyote. Tulikaa kwenye meza ndefu, kipaza sauti mbele yetu. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mpole tu, aliuliza swali ambalo nadhani wengi walikuwa nalo: kwa nini mama huyu asichague mtoto mmoja akakaa kwake?

Nikatafsiri. Mama alimgeukia yule mjumbe.

"Mwambie huyo mwanangu," alisema, "yeye ana watoto wangapi?"

"Wanne," alijibu mjumbe.

"Basi amchague mmoja sasa hivi, hapa hapa, sisi tukiona."

Ukumbi mzima ulicheka, na mjumbe mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Nilidhani tumeshinda. Lakini muswada haukupigiwa kura siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Nje, kwenye korido yenye sakafu ya mawe, Mheshimiwa alinishika mkono. "Nimekaa hapa muda mrefu," alisema. "Wakicheka vizuri hivyo, kisha wakakushukuru kwa kuja, muswada wako umekufa." Akatazama dirishani. "Na hata ungepita, ungeishia mtoni, mpakani mwa jimbo letu. Ng'ambo ya mto Ohio mimi ni bibi fulani tu mwenye maoni."

Mama aliuliza anasema nini. Nikamwambia anasema umependeza.

Mheshimiwa hakukata tamaa, ila alibadilisha njia. Kama sheria haipo, alisema, tutumie maelezo. Tukatengeneza karatasi moja ya kusoma kabla ya zamu, nami nikaiandika kwa Kiswahili na Kirundi. Ilisema hivi: kabla ya kusafiri, pata dawa za kutosha kwa muda mrefu unaoruhusiwa. Siku ya kwanza unapofika, si wiki ya kwanza, peleka fomu ya kadi mpya. Usipunguze dozi hata siku moja. Dawa zikikaribia kuisha na kadi haijafika, piga simu hapa, na nenda kliniki yoyote useme waziwazi kwamba insulini inakuishia. Watu walikuja, tukawasomea, tukawaambia watueleze wenyewe. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Bibi mmoja wa Highview aliniita mwalimu mkuu.

Kisha ikafika zamu ya Buffalo.

Mdogo wangu alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mama hakosi hapo. Ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, anampikia uji, anamshika mtoto wakati mzazi analala. Mume wa mdogo wangu alifanya kazi kiwandani na hakuwa na siku za kupumzika zaidi ya mbili. Safari ya basi ilipangwa mwanzo wa Oktoba.

Asubuhi ya safari tulikuwa jikoni kwangu, mama na mimi. Nilipanga kalamu za insulini, zile sindano zenye dawa ndani, kwenye mfuko wake wa baridi, nikaweka ile karatasi juu, nikamsomea yote kwa Kirundi, taratibu, kama ninavyowasomea watu Jumamosi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, koti jipya limefungwa vifungo vyote ingawa ndani kulikuwa na joto.

"Nimesikia, mwanangu," alisema.

Sentensi ilikuwa mdomoni. *Sasa nieleze wewe.* Nilikuwa nimewaambia hivyo wazee wengi kiasi kwamba siwezi kuwakumbuka, na hakuna aliyenikasirikia sana. Lakini huyu alikuwa mama. Ndiye aliyetufundisha kuhesabu kambini kwa punje za maharage, sisi watatu tumekaa kwenye mkeka. Alikuwa akikosea makusudi, "nne, tano, saba," ili tumpigie kelele, "Sita, mama, sita!" naye ajishike kichwa kama mtu aliyeshindwa. Mtu huyo nimwambie arudie maneno yangu kama mtoto wa darasa la kwanza? Niliona aibu kwa niaba yake kabla hata ya kumuuliza. Nikafunga zipu ya mfuko. Nikampigia mdogo wangu simu, nikamwambia: siku ya kwanza, fomu. Akasema ndiyo, dada.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu baada ya mama kufika, kabla ya wakati wake, mdogo sana, na akabaki hospitali wiki kadhaa. Unaweza kufikiria nyumba ilivyokuwa. Fomu ilikwenda, lakini ilichelewa sana.

Nami sikufuatilia kama nilivyopaswa, na sababu naijua. Ilikuwa vuli ya uchaguzi. Mheshimiwa alikuwa na mpinzani mwenye nguvu na upepo mbaya usoni. Kila siku nikitoka ghala nilishika rundo la karatasi zake na kugonga milango hadi jioni. Nilijiambia nampigania mama pia, kwa sababu Mheshimiwa akirudi bungeni atauleta ule muswada tena. Jumapili baada ya ibada nilipiga simu Buffalo.

"Mama, dawa zipo?"

"Zipo."

"Unadunga?"

"Nadunga kila asubuhi. Habari ya uchaguzi wa yule binti wa maneno mengi?"

Nilifurahi. Dawa zipo, anadunga. Hakunidanganya hata neno moja. Wiki baada ya wiki aliniambia zipo, na mimi, ambaye nilikuwa nimefundishwa kutouliza swali la ndiyo au hapana, niliuliza hilohilo na nikaridhika.

Mheshimiwa alishindwa. Kesho yake nilimkuta mbele ya nyumba yake akivuta vibao vya kampeni kutoka kwenye nyasi. Alikuwa amevaa viatu vya mpira na alivuta kila kibao kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa mihogo.

"Pole, Mheshimiwa."

"Sasa hilo jina utaliacha," alisema bila kugeuka. Kisha akaniuliza, "Mama yako yupo wapi sasa?"

"Buffalo. Zamu."

"Amefanya kila kitu?"

"Amefanya."

Alinitazama. Nadhani alitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa amechoka, nami nikainama kumsaidia kibao kilichobaki.

Simu ilikuja mwanzoni mwa Desemba, saa ya chakula cha mchana, nikiwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala. Mdogo wangu alikuwa analia kiasi kwamba mumewe alichukua simu. Mama alikuwa ametapika siku mbili, wakadhani ni mafua aliyoyatoa kwa watu waliokuja kumwona mtoto. Asubuhi hiyo hakuamka vizuri. Alikuwa hospitali.

Niliendesha gari hadi Columbus. Nilivuka mto Ohio mchana, maji yana rangi ya chai, na nikafikiria maneno ya Mheshimiwa, kwamba hapo ndipo sauti yake inapoishia. Kaka alikuwa amesimama nje ya jengo lake na begi, amevaa koti la kazini. Hatukusema mengi hadi Buffalo. Mara moja tu aliniuliza, "Zamu yangu alikuwa mzima, sivyo?" Nikamwambia alikuwa mzima.

Tulimkuta mama akipumua, lakini hakuwa anasikia, au kama alisikia hakuweza kutuonyesha. Daktari alikuwa na subira. Alieleza kwamba mwili ulikuwa umekaa na insulini pungufu kwa wiki nyingi, kisha maambukizi madogo yakaja yakamaliza kazi. Alitumia maneno rahisi na akasimama kila baada ya sentensi. Nilikuwa namtafsiria kaka, na nilipofika neno "pungufu" nikashindwa. Mama alifariki kesho yake asubuhi, sisi watatu tumemzunguka, mtoto mchanga amelala mikononi mwa baba yake kwenye korido.

Nyumbani kwa mdogo wangu nilifungua ule mfuko wa baridi. Kalamu zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko zilizopaswa kubaki. Nilizipanga kitandani nikakaa nazitazama. Mdogo wangu aliingia.

"Lakini alidunga, dada. Nilimwona kila asubuhi, palepale dirishani."

"Najua."

"Nilimwona kwa macho yangu!"

"Alidunga nusu," nikasema.

Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulijua tu, wote watatu, kwa sababu tulilelewa naye. Kambini mgawo wa wiki mbili ulipochelewa, hakulalamika wala kwenda kudai ofisini. Alipunguza. Kikombe kikawa nusu kikombe, na unga ukafika hadi lori lilipokuja, na hivyo ndivyo tulivyobaki hai. Kadi ilichelewa Buffalo, nyumba ina mtoto wa hospitali na mzazi anayelia, akafanya alichokijua. Karatasi yangu ilisema usipunguze. Ilisema piga simu. Alikuwa ameikunja vizuri kwenye Biblia. Mama hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa nimemsomea, mara moja, na yeye akaniambia amesikia.

Kuna jambo moja zaidi. Siku ya pili ya kilio nilipokuwa natafuta chumvi, niliona barua ambayo haijafunguliwa juu ya friji, katikati ya kadi za pongezi za mtoto. Ndani ilikuwa kadi ya mama ya New York. Muhuri wa posta ulionyesha ilikuwa imetumwa siku nyingi kabla hajaugua. Nikaiweka ndani ya blauzi yangu na kurudi na chumvi. Mdogo wangu anajua sasa. Nilimwambia mwenyewe, miaka ilipopita, kabla sijaandika neno lolote hapa. Akasema, "Ungenionyesha siku ile ningekufa." Tukashikana mikono.

Tulimzika Buffalo, kwenye theluji. Niliporudi Louisville, kanisa lilikuja kukaa matanga nyumbani kwangu kama ilivyo desturi, viti vya kukodi hadi kwenye baraza, akina mama wakipokezana nyimbo na sufuria. Siku ya tatu mchana Mheshimiwa aliingia na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, limefunikwa karatasi ya foili. Akina mama walitaka kumpa kochi. Alikataa, akavua viatu, akakaa mkekani kando yangu, magoti yake ya uuguzi yakilia.

"Nieleze," alisema.

Nikamweleza yote, pamoja na zipu. Nilipomaliza alikuwa analia bila kujificha, machozi yanadondoka kwenye sketi yake.

"Nilikuwa na wewe miaka minne," alisema. "Nilikufundisha kuwauliza watu wote. Sikuwahi kukuuliza wewe kwamba ukifika kwa mama yako itakuwaje."

"Haiulizwi, kwetu. Ni kumvunjia heshima."

"Kwetu pia," alisema. "Mama yangu nilimhudumia miezi minane. Sikumuuliza hata mara moja." Akafuta shavu kwa kiganja. "Na ile siku ya vibao, niliona. Nilikuwa najisikitikia mimi mwenyewe kushindwa, nikakuacha uende."

Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa nyuma yetu akamwekea leso mkononi, akamwambia kwa Kiswahili, "Lia tu, mama, hapa ni pa kulia." Hakuhitaji mtafsiri.

Hakugombea tena. Lakini mwezi wa pili, Jumamosi, nilimkuta ukumbini na meza ileile, chupa ya kahawa, sanduku la bati. Hakuwa na cheo chochote. Alisema hakuna sheria inayomkataza kukaa kwenye kiti.

Ilinichukua muda kurudi kwenye kazi ile ya maelezo. Kila mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa na mikono ya mama. Sentensi ya Mheshimiwa ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na kona ambayo watoto wa kwetu hatuwezi kuipita na wazazi wetu, na nilijua bado kuna watu wanafunga zipu. Kisha siku moja nikakumbuka maharage.

Mzee yule wa presha alikuja, fundi wa redio. Alikuwa anakwenda Buffalo kwa binti yake, zamu. Nilimsomea karatasi nzima. Akaitikia kwa kichwa. Nikaikunja, nikamwangalia, nikasema:

"Haya, mzee. Kwa hiyo dawa zikikaribia kuisha, tunapunguza kidogo kidogo ili zifike mpaka kadi ije. Sivyo?"

"Apana!" Alipiga meza hadi kahawa ikaruka. "Unapunguza nini? Wewe mwenyewe umesoma hapo, usipunguze! Unapiga simu!"

"Ee, simu. Baada ya mwezi mmoja?"

"Mwezi gani? Bon, sikiliza vizuri, binti. Ziko karibu kuisha, haziishe bado, unapiga simu. Na unaenda kliniki, unasema dawa yangu inaisha, unasema kwa sauti."

"Na fomu tunaipeleka wiki ya pili."

"Siku ya kwanza! Siku ya kwanza! Donc, hata hauna aibu?"

Nilijishika kichwa kama mtu aliyeshindwa. Alinieleza yote tangu mwanzo, kidole juu ya karatasi, hakukosa hata moja. Mheshimiwa, ambaye hakuwa anaelewa maneno, alikuwa ameacha kuandika na anatutazama.

Mzee akasimama, akavaa kofia yake. Mlangoni akamgeukia mwanamke aliyefuata kwenye foleni.

"Umwangalie huyu binti vizuri," alimwambia. "Anasahau sana."

Mwanamke akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia ni kweli, nasahau, na nikamwomba akae.